Kamba ya Bure: Mwani wa Zanzibar na Deni Lisiloandikwa

Mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, watu walianza kulima mwani wa kuuza nje kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kampuni za kusafirisha mwani zilitoa kamba, vijikamba vya kufungia mbegu ambavyo wakulima huviita tai-tai, na maelekezo ya kazi. Wanakijiji walitoa nguvu zao na pwani yao. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka: mwani ukishakauka, anauziwa aliyetoa kamba, kwa bei anayoitaja yeye. Leo kazi hiyo ina wakulima zaidi ya 20,000 Unguja na Pemba, walio wengi mno wakiwa wanawake, na hakuna mkutano wa uchumi wa buluu unaopita bila kuwataja. Hakuna pia mkutano unaopita bila kurudia orodha ya shida zao: bahari imepata joto, soko liko mbali, mtaji hautoshi, elimu ya biashara ni ndogo. Sikatai hata moja katika hizo. Ninachokataa ni kuzipanga kana kwamba zina uzito sawa na hazina baba mmoja. Historia ya mwani, ukiifuata tangu mwanzo, inaonyesha kwamba shida kubwa ya mkulima ilifungwa pamoja na kamba ya kwanza, na kwamba fundo lenyewe ni la zamani kuliko mwani.

Biashara ya mwani haikuanza na kilimo. Miaka mingi kabla ya hapo, watu wa pwani walikuwa wakiokota mwani ulioota wenyewe na kuuza kwa wafanyabiashara waliousafirisha Ulaya. Biashara hiyo ilififia kwa sababu mwani wa kuokota hauna kipimo: mwaka huu mwingi, mwakani haba, umechanganyika na mchanga na majani mengine, na miamba ikikombwa sana haitoi tena. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesomea Hawaii katika miaka ya 1970, ndiye aliyeshikilia kwa miaka mingi hoja kwamba Tanzania ilime mwani badala ya kuuokota. Hawaii ndiko alikokuwa Maxwell Doty, mtaalamu aliyesaidia kuanzisha kilimo cha mwani Ufilipino, na njia iliyofika Paje ni ile ile ya huko: vigingi viwili, kamba katikati, mbegu zikining'inia. Hoja ya Mshigeni ilipata masikio Zanzibar wakati kisiwa kilikuwa na njaa ya fedha za kigeni. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu ilianguka, kwa kuwa Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, ilipanda mikarafuu yake yenyewe hadi ikajitosheleza. Serikali iliyokuwa imeshika biashara yote mkononi ikaanza kuwafungulia milango wawekezaji binafsi. Mwani uliingia kupitia mlango huo.

Ni vyema kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu hoja nyingi kuhusu wakulima hawa husemwa na watu ambao hawajajiuliza inafanywaje. Kazi hufuata bamvua, siku zile ambazo maji hupwa sana na kuacha shamba katika kina cha magoti au chini yake. Mkulima hukata vipande vya mbegu, kila kimoja kama kiganja cha mkono, akavifunga kimoja kimoja kwa tai-tai kwenye kamba, kisha kamba ikafungwa kwenye vigingi. Mara nyingi mbegu hufungiwa nchi kavu, kivulini, na watoto wakisaidia. Kila bamvua inayofuata hurudi kung'oa majani yaliyojiviringisha, kukaza kamba zilizolegea na kufunga tena mbegu zilizochukuliwa na mawimbi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akaubeba mwani mbichi, ambao karibu wote ni maji, hadi pahali pa kuanikia. Kilo saba au nane mbichi hutoa kilo moja kavu. Mvua ikinyesha juu ya mwani ulioanikwa, chumvi na rangi huoshwa na thamani hushuka. Ukishakauka, hujazwa kwenye mapolo, ukapelekwa kwenye banda la kampuni, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika muda wote huo anatokea mtu mwingine mwenye kauli. Mizani ni yake. Uamuzi kama mwani umekauka vya kutosha au una mchanga ni wake. Bei ni yake.

Wenye kuijua historia ya Zanzibar watautambua mpango huu. Katika karne ya 19, misafara iliyoingia bara kutafuta pembe za ndovu haikuondoka kwa fedha taslimu. Iliondoka kwa mali kauli, bidhaa zilizokopeshwa kwa ahadi ya kulipwa pembe zitakapofika pwani. Hata Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, alisafiri kwa mtaji wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Mtu mwenye nguvu kama yeye aliweza kufanya mkopo huo ukamletea utajiri. Wadogo waliochukua bidhaa chache hawakuwa na uwezo huo. Katika mashamba ya karafuu ilikuwa hivyo hivyo. Mwenye shamba alikopa ili alipe wachumaji, akaweka rehani mavuno au ardhi, na karafuu zikawa na mwenyewe kabla hazijachumwa. Serikali ya kikoloni ilipokiunda upya Chama cha Wakulima wa Karafuu mwaka 1934, sababu iliyotajwa ilikuwa kuwaokoa wakulima na madeni hayo. Mwaka 1937 chama kikapewa mamlaka juu ya biashara ya kusafirisha karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia, India nayo ikagomea karafuu, mpaka pakapatikana maafikiano mwaka 1938. Katika mvutano wote huo wa wakubwa, mkulima alikuwa anabadilishiwa tu mtu wa kumdai.

Mwani uliurithi utaratibu huo ukiwa umevaa sura ya hisani, na hapa ndipo naona lazima tuseme wazi. Mali kauli ilitambuliwa na pande zote kuwa deni. Kamba ya mwani haikuandikwa kuwa deni. Iliitwa msaada, vifaa vya bure. Lakini kitu kinachotolewa kwa sharti la kumuuzia mtoaji peke yake kina bei, nayo hulipwa ndani ya bei ya kila kilo, bamvua baada ya bamvua, pasipo hesabu inayoonyesha lini kimemalizwa kulipwa. Deni lililoandikwa lina siku ya mwisho. Hili halina. Ushahidi kwamba malipo hayo yapo si wa kubuni: watafiti wa kilimo hiki nchini Tanzania wameeleza kuwepo kwa mifumo miwili, wa wakulima wanaotegemea vifaa vya kampuni na wa wakulima wanaojinunulia, na kwamba wanaojinunulia hulipwa zaidi kwa kilo ya mwani ule ule. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo bei ya kamba ya bure. Mkulima angepewa nafasi ya kuiona tofauti hiyo kwenye karatasi, akalinganisha na bei ya kamba dukani, angeweza kuamua mwenyewe. Hakupewa.

Tena mwani si samaki. Mvuvi anayerudi na kapu la dagaa asubuhi ana saa chache tu za kubishana na mchuuzi, kwa sababu jua linamfanyia mchuuzi kazi. Mwani uliokauka vizuri na kuwekwa pahali pakavu unaweza kukaa miezi. Kwa asili yake ni bidhaa inayompa muuzaji nafasi ya kungoja, na ingetazamiwa kwamba wauzaji wake wangekuwa na kauli kuliko wauzaji wowote wa mazao ya bahari. Ilikuwa kinyume. Wanauza siku unapokauka, kwa sababu hawana ghala, kwa sababu nyumbani panahitajika fedha, na kwa sababu hata wakingoja, mnunuzi atakayekuja ni yule yule. Uwezo ambao bahari iliwapa waliunyang'anywa nchi kavu.

Kuna pingamizi la haki kabisa kwa maneno haya. Kampuni zilibeba hatari. Mwaka 1989 hakuna aliyejua kama mbegu za Ufilipino zingestahimili maji ya Unguja, hakuna benki ambayo ingemkopesha mwanamke wa Jambiani asiye na hati ya ardhi, na mnunuzi wa Ulaya au Marekani hakuwa tayari kushughulika na mapolo mawili matatu. Kampuni ilikusanya, ikafunga marobota, ikalipa nauli ya meli, ikangoja malipo. Aidha, zipo mara ambapo wakulima walichukua kamba kwa kampuni moja wakauza kwa nyingine, na anayepoteza kamba kila mwaka hawezi kulipa bei nzuri. Yote haya nayakubali, tena nasema bila kampuni hizo kilimo kisingeanza. Ninachouliza ni kwa nini mpango uliofaa mwaka wa kwanza ulibaki hivyo hivyo mwaka wa kumi, wa ishirini na wa thelathini, wakati hatari iliyouhalalisha ilikuwa imekwisha. Ilikwishajulikana kwamba mwani unaota, kwamba wanawake wanajua kazi, kwamba soko lipo. Kamba na tai-tai si vyombo vya gharama ya kutisha. Kikundi cha watu ishirini kingeweza kuvinunua kwa mavuno machache kama bei ingeruhusu kuweka akiba. Bei haikuruhusu, na kwa kuwa haikuruhusu, msaada uliendelea kuhitajika. Na hao waliouza kwa kampuni nyingine walikuwa wakitafuta bei, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote mwingine husifiwa kwalo.

Pingamizi zito zaidi linatoka baharini. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina mbili, spinosum na cottonii, na zote hutengenezwa unga wa karajenani, ambao viwanda hutumia kushikanisha na kulainisha aiskrimu, dawa ya meno, nyama za kusindikwa na chakula cha wanyama wa nyumbani. Karajenani ya cottonii huganda imara zaidi na hutafutwa zaidi, kwa hiyo bei yake imekuwa karibu mara mbili ya spinosum. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii ilianza kufa katika mashamba mengi. Matawi hupauka, hulainika na kukatika, na mimea mingine midogo huota juu yake na kuisonga. Wanasayansi wameihusisha hali hiyo na kupanda kwa joto la maji katika vidimbwi vya kina kifupi, hasa nyakati za maji kupwa wakati wa jua kali. Vijiji vingi vikabaki na spinosum, inayovumilia joto lakini yenye bei ya chini. Basi, atasema mtu, adui ni mabadiliko ya tabianchi, si mnunuzi.

Lakini tuangalie ni nini kilihitajika ili kukwepa joto hilo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, Dkt. Flower Msuya akiwa mbele, walionyesha kwamba cottonii inaweza kulimwa kwenye kina kirefu zaidi, kwa kamba zinazoelea na baadaye kwa nyavu za mfano wa mirija. Njia ilikuwepo. Iliyokosekana ni boti, nanga, nyavu, na wanawake waliofundishwa kuogelea, maana wengi wao wamekulia kando ya bahari bila kuruhusiwa kuijua zaidi ya kina cha magoti. Vyote hivyo ni mtaji, na mtaji ni kile ambacho miaka kumi na mitano ya kuuza mwani kwa bei ya mnunuzi mmoja haikuwaachia. Joto lilipiga wote, ila lilimwangusha aliyekuwa hana akiba. Mfanyabiashara mwenye akiba hupata hasara mwaka mmoja, akabadili njia. Asiye nayo hushuka daraja na kubaki huko. Cottonii kufa ni tukio la bahari. Vijiji kubaki na spinosum mwaka baada ya mwaka ni tukio la uchumi.

Pengine hoja inayorudiwa zaidi na wataalamu wa biashara ni ya soko la dunia. Indonesia na Ufilipino ndizo zinazolima sehemu kubwa mno ya mwani wa karajenani. Tanzania, ingawa ni ya mbele Afrika, ni mzalishaji mdogo na haiwezi kupanga bei. Ni kweli, na inauma kukumbuka kwamba Indonesia hiyo hiyo iliyoangusha karafuu ndiyo inayopanga kiwango cha mwani. Mwaka 2008 bei ya cottonii ilipaa huko Asia kwa miezi michache kisha ikaporomoka, na hakuna mtu wa Pemba aliyekuwa na mkono katika lolote kati ya hayo mawili. Hata hivyo hoja hii inajibu swali ambalo halikuulizwa. Swali si kwa nini bei ya dunia ni ndogo. Swali ni kwa nini mkulima hajui bei hiyo ni ngapi, na kwa nini ikipanda, kupanda kwake humfikia kwa kuchelewa na kwa vipande, ilhali kushuka kwake hufika mara moja. Katika miaka ya 2010 spinosum iliendelea kununuliwa kwa shilingi mia kadhaa tu kwa kilo kavu, fedha ambazo hazikutosha hata kilo moja ya mchele. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti, wakiwemo wa Zanzibar, kilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kipato cha wakulima waliowachunguza kilikuwa chini ya mstari wa umaskini, na kwamba walilalamikia maumivu ya mgongo, macho na uchovu kuliko wanawake wasiofanya kazi hiyo. Katika nusu ya pili ya muongo huo uzalishaji wa Zanzibar ulishuka. Waliouacha mwani hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba hesabu haikai sawa.

Hapo ni lazima niwe mwadilifu, kwa sababu wapo wanawake wa pwani ya mashariki watakaokasirika wakisikia kazi yao inasimuliwa kama unyonge mtupu. Katika miaka ya 1990 mwani uliweka fedha taslimu katika mikono ambayo haikuwahi kuzishika. Wanawake walijenga nyumba za mawe, wakanunua vyombo na sare za shule, na waume waliokuwa wamepinga wake zao kushinda pwani walinyamaza walipoona mabati. Wanaume wenyewe waliingia mwanzoni, kisha wengi wakatoka bei ilipodorora, wakaenda kwenye uvuvi na ajira za hoteli. Wanawake walibaki. Kubaki kwao hutafsiriwa na baadhi ya watu kuwa ni kuridhika. Mimi naona walibaki kwa sababu mlango mwingine haukuwepo: shamba la mwani liko karibu na nyumba, halihitaji boti, na kazi yake hufuata maji, si saa ya mwajiri. Hayo ndiyo yaliyowafaa, na hayo hayo ndiyo yaliyomhakikishia mnunuzi kwamba bei ikishuka watakuwepo tu. Na sasa hata pwani yenyewe wanagombea. Paje imejaa hoteli na watalii wa kuteleza majini kwa tiara, nao wanataka maji yasiyo na vigingi.

Tangu mwaka 2006, kupitia mpango wa kuunganisha wakulima, watafiti na serikali uliokuja kujulikana kama Kongano la Mwani Zanzibar, imefunguliwa njia nyingine: kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta ya kupaka na vyakula. Kidoti na Paje kuna vikundi vilivyopata jina kwa sabuni zao, na hata ng'ambo ya mpaka, Kibuyuni kusini mwa pwani ya Kenya, wanawake wameifuata njia hiyo. Kilo ya mwani iliyoingia kwenye sabuni hulipa mara nyingi zaidi ya ile iliyoingia kwenye polo, na zaidi ya hapo, anayetengeneza sabuni ndiye anayetaja bei. Naiheshimu kazi hii. Lakini si haki kuitwika mzigo wa kuwaokoa watu 20,000. Sabuni ya mwani hununuliwa zaidi na mgeni anayepita. Inahitaji vifungashio, vipimo na alama ya ubora, ada ambazo kikundi kidogo hulipa kwa taabu. Na maelfu ya tani za mwani hayawezi kuisha kwenye vipande vya sabuni. Sehemu kubwa ya mavuno, ambayo sasa hutoka Pemba kuliko Unguja, bado inaondoka ghafi. Anayewaambia wakulima suluhisho ni kuongeza thamani, akaishia hapo, amewahamishia wao kazi ya kurekebisha soko ambalo hawakulipanga.

Serikali ya Zanzibar tangu mwishoni mwa 2020 imeuweka uchumi wa buluu mbele ya sera zake. Iko wizara yake, zimegawiwa boti na mikopo, na kuna mradi wa kiwanda cha mwani Chamanangwe, Pemba. Boti zinagusa tatizo lenyewe, kwa kuwa ni mtaji usiotoka kwa mnunuzi. Kuhusu kiwanda nina tahadhari, nayo inatoka kwenye karafuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ununuzi wa karafuu ulikuwa mikononi mwa dola, na kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ambayo karafuu zake ziliuzwa nje. Matokeo yake yalikuwa magendo ya usiku kutoka Pemba hadi Mombasa, ambayo hakuna doria iliyoweza kuyakomesha. Mnunuzi mmoja wa umma anaweza kumbana mkulima sawasawa na mnunuzi mmoja wa binafsi. Lakini karafuu hizo hizo zina ushahidi wa upande wa pili. Katika mageuzi ya mwaka 2011 serikali ilikubali kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia kupitia shirika lake la biashara, ZSTC. Hayakubadilika maji wala udongo, na Indonesia haikuacha kulima. Kilichobadilika ni kanuni inayosema fungu la mkulima ni kiasi gani, likatangazwa hadharani ili kila mtu ajue akidhulumiwa. Mwani hauna kanuni ya namna hiyo mpaka leo. Haijatamkwa asilimia, na bei ya mwani nje ya nchi haibandikwi katika banda la ununuzi pale mizani ilipo, ingawa kufanya hivyo hakuhitaji kiwanda, mkopo wala mfadhili.